Mcheza Kwao: Historia ya Watumishi wa Vyuo Vikuu Kuvipa Hiba Vyuo Vyao

1.0 Utangulizi

Katika ajira ya kawaida, mwajiri hutoa mshahara na mwajiriwa hutoa kazi. Baada ya hapo hakuna anayemdai mwenzake. Hata hivyo, historia ya vyuo vikuu ina mifano mingi ya watumishi ambao hawakuishia hapo. Wapo walioviachia vyuo vyao vitabu, wapo waliotoa miswada na kanda walizokusanya kwa miaka mingi, wapo waliochanga fedha kutoka katika mshahara uleule waliolipwa na chuo, na wapo waliotoa muda wao bila malipo. Swali ni kwa nini. Mtu anayelipwa na taasisi, tena mara nyingi akilalamika kwamba analipwa kidogo, hupata wapi sababu ya kuirudishia taasisi hiyo sehemu ya kile alichopata?

Mhadhara huu unalichunguza swali hilo kwa kutazama historia ya taaluma ya Kiswahili. Kuna sababu mbili za kufanya hivyo. Kwanza, hazina kubwa ya fasihi andishi ya Kiswahili inayosomwa leo katika maktaba za vyuo vikuu ilifika huko kupitia mikono ya walimu na watafiti. Pili, lugha ya Kiswahili yenyewe ina msamiati mpana wa kutoa, na msamiati huo unaeleza tofauti ambazo nadharia za uchumi huzipita kwa haraka. Hoja inayojengwa ni kwamba mtumishi hutoa pale anapojiona mwanachama wa chuo wala si mwajiriwa tu, na kwamba uanachama huo hufa mara utoaji unapogeuzwa kuwa makato.

2.0 Msamiati wa Kutoa

Kitenzi -pa hakikamiliki bila mpokeaji. Mtu hupa mtu kitu, na kiambishi cha mtendwa ni lazima kiwepo: nilimpa, walitupa. Kitenzi -toa hakina sharti hilo. Mtu anaweza kutoa bila kumtaja wa kumpokea, na maana ya msingi ya kitenzi hiki ni kukiondoa kitu mahali kilipokuwa. Ndiyo maana methali ya wahenga husema kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno usambe, ambalo vijana wengi hulitamka bila kulichambua, ni umbo la ukanushi la kitenzi cha kale -amba, yaani kusema. Methali inamkataza msikilizaji asiseme kwamba kutoa kunatokana na mali. Kwa hiyo tangu zamani wasemaji wa Kiswahili walikwisha kuona kwamba kipato pekee hakitoshi kueleza ni nani atatoa na nani hatatoa.

Kitenzi -changa kina ushirika ndani yake. Mtu mmoja anaweza kutoa peke yake, lakini kuchanga hudai wengine, hata kama hawapo machoni. Mnyambuliko wa kitenzi hiki unafundisha mengi. Katika -changa, mtoaji ndiye mtenda. Katika -changia, kauli ya kutendea inaonyesha lengo: mtu huchangia maktaba, huchangia mazishi. Katika -changisha, anaingia mtenda mwingine, ambaye huwafanya wengine wachange. Katika -changishwa, yule aliyekuwa mtenda katika umbo la kwanza amekuwa mtendwa. Fedha ni zilezile na mfuko ni uleule, lakini hadhi ya mtu katika sentensi imebadilika kabisa. Zaidi ya hapo kuna kukatwa. Mtumishi anayesema nimechanga na anayesema nimekatwa wanaweza kuwa na tarakimu moja katika hati zao za mshahara, lakini hawazungumzii tendo moja.

Kutoka Kiarabu, Kiswahili kilipokea istilahi za kisheria zinazotofautisha aina za utoaji. Hiba ni kumhamishia mtu umiliki wa kitu wakati mtoaji angali hai, bila kudai badala yake. Wasia hutekelezwa baada ya kifo, na katika sheria ya Kiislamu hauvuki theluthi moja ya mali. Wakfu ni mali iliyosimamishwa: haiuzwi, hairithiwi, na manufaa yake huelekezwa katika jambo la kheri. Amana si utoaji, bali ni kitu kilichowekwa kwa mtu akitunze kwa niaba ya mwenyewe. Mipaka kati ya istilahi hizi itarejewa katika sehemu zinazofuata, kwa sababu utata mwingi wa kihistoria umetokana na kuichanganya hiba na amana.

3.0 Wakfu na Mwalimu katika Pwani

Kabla ya chuo kikuu cha kisasa, pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa na vyuo vyake. Neno chuo lenyewe lilihusu mahali pa kusomea Kurani na elimu za dini, na katika Kiswahili cha kale lilikuwa pia na maana ya kitabu. Vyuo hivyo, pamoja na misikiti iliyovilea, viliendeshwa kwa sehemu kubwa kwa wakfu wa nyumba, mashamba na visima. Wakfu ulikuwa na uzito kiasi kwamba mwaka 1905 serikali ya Zanzibar iliunda tume maalumu ya kuusimamia. Hadi leo chombo kinachofanya kazi hiyo visiwani huitwa Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, jina linaloyaweka maneno mawili yaliyotajwa hapo juu bega kwa bega bila kuyafanya kuwa kitu kimoja.

Mfano unaofaa zaidi kwa mada hii uko Lamu. Msikiti wa Riyadha, unaohusishwa na Habib Swaleh, ulikuwa kitovu cha elimu kuanzia mwanzo wa karne ya 20. Miswada ya maktaba yake, ambayo imepigwa picha za kidijitali chini ya programu ya Maktaba ya Uingereza ya kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, inaonyesha kwamba baadhi ya vitabu viliwekwa wakfu. Katika mazingira kama hayo aliyekuwa akifundisha, aliyekuwa akinakili na aliyekuwa akitoa kitabu mara nyingi walikuwa watu wa duara moja. Kitabu kiliwekwa pale ambapo mtoaji alikuwa amesoma, au pale ambapo wanawe wangesoma. Hakikuwa zawadi kwa mtu wa mbali.

Hapa ndipo methali mcheza kwao hutunzwa inapopata maana pana zaidi ya ile inayozoeleka. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumweleza anayepata tuzo kwa watu wake. Lakini inaweza kusomwa pia kutoka upande wa mcheza: mtu hucheza kwa moyo mahali anapopaita kwao. Mtumishi anayekiita chuo kazini na mtumishi anayekiita chuoni kwetu wameshatoa jibu la nusu ya swali hili.

4.0 Njia ya Mashairi ya Muyaka

Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu mwaka 1840, yanaonyesha jinsi hiba ndogondogo zinavyoungana. Mashairi hayo yaliishi katika kumbukumbu za watu wa Mombasa kwa miongo kadhaa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya na kuyaeleza, na kwa msaada wake mmisionari W. E. Taylor aliyapata na kuyaandika pamoja na maelezo. Karatasi za Taylor zimehifadhiwa London, katika maktaba ya chuo ambacho leo hujulikana kwa kifupi kama SOAS. William Hichens aliyahariri mashairi hayo na kuyachapisha kama Diwani ya Muyaka mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, alitoa kitabu kilichomrudisha Muyaka katika historia ya Mombasa ya karne ya 19.

Iwapo kiungo kimoja katika mnyororo huu kingekatika, huenda leo Muyaka angebaki jina tu. Sikujua angeweza kuyaweka mashairi moyoni mwake na kwenda nayo kaburini. Karatasi za Taylor zingeweza kutupwa na watu wasioweza kuzisoma. Jambo hili lisichukuliwe kuwa la bahati. Maktaba ya SOAS ina makusanyo ya Kiswahili yenye majina ya Taylor, Hichens, Alice Werner, Wilfred Whiteley, Jan Knappert, J. W. T. Allen na Sheikh Yahya Ali Omar. Haikosi maana kwamba Werner, Whiteley, Knappert na Sheikh Yahya walikuwa walimu wa chuo hichohicho. Werner alikifundishia Kiswahili tangu kilipofunguliwa mwaka 1917. Sheikh Yahya alitoka Mombasa akiwa mwanachuoni aliyekwisha kukomaa.

Mwalimu wa chuo ana ujuzi ambao mfadhili wa nje hana. Anajua kitu gani kinakosekana katika rafu. Amewahi kumwambia mwanafunzi atafute kitabu, akaambiwa hakipo. Anajua pia kwamba karatasi alizonazo nyumbani hazina thamani sokoni, bali zina thamani kubwa kwa watu wachache ambao watakuja kusoma chumba kilekile alichosomea yeye. Kwa hiyo hiba ya mtumishi huwa haitokani na wingi wa mali yake. Hutokana na ukaribu wake na upungufu.

5.0 Dar es Salaam: Chuo Kinachoanza bila Hazina

Tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 13. Mwaka 1964 kilihamia Mlimani. Mwaka huohuo ilianzishwa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi za Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo historia yake ilianza mwaka 1930. Whiteley alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Taasisi hiyo ilijulikana baadaye kama TUKI, na tangu mwaka 2009 ni TATAKI.

Chuo kipya kilikuwa na majengo kuliko kilivyokuwa na vitabu vya lugha ya nchi yake. Katika hali hiyo kazi ya J. W. T. Allen ilikuwa na umuhimu wa pekee. Allen alikuwa ameishi Afrika Mashariki kwa miaka mingi katika utumishi wa serikali kabla ya kujishughulisha na miswada kwa ajili ya chuo. Katika miaka ya 1960 alipita katika miji ya pwani akitafuta hati za Kiswahili na Kiarabu na kurekodi usomaji wa tenzi katika kanda. Orodha ya miswada na kanda hizo ilichapishwa na Brill mwaka 1970, mwaka uleule ambao chuo kilijitegemea na kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuwekwa kwa hazina hiyo Dar es Salaam kulimaanisha kwamba kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Kitanzania angeweza kusoma mkusanyo mkubwa wa tenzi za mababu zake bila kupanda meli kwenda Ulaya.

Hata hivyo, swali la nani hasa aliyetoa haliwezi kuepukwa. Miswada haikuzaliwa katika mkoba wa mtafiti. Ilikuwa imetunzwa na familia, mara nyingi na wanawake wa nyumba hizo, kwa vizazi. Ilinakiliwa na mafundi wa hati kama Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye aliwanakilia tenzi watafiti wa Kizungu na kulipwa kwa kazi yake. Makusanyo yakabeba majina ya waliofikisha hati maktabani, na mara chache sana majina ya waliozitunza. Mtumishi anayekipa chuo chake miswada aliyoikusanya anatoa kitu ambacho kwa sehemu ni chake, yaani jasho la kukusanya, na kwa sehemu ni amana ya wengine. Hiba halali humtaka mtoaji awe mmiliki. Pale ambapo familia ilikabidhi hati ikitumaini kwamba itatunzwa, lililowekwa maktabani si hiba ya mtafiti bali ni amana ya familia, na chuo ni mtunzaji.

6.0 Deni la Msomi na Mgogoro wa 1966

Sababu ya pili inayotajwa mara kwa mara ni deni. Katika hotuba ya mwaka 1964 kuhusu mpango wa maendeleo, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda kuleta msaada kutoka mbali. Asiporudi, amewasaliti ndugu zake. Mfano huo ulikuwa na nguvu kwa sababu uliigeuza elimu kutoka haki ya mtu binafsi na kuifanya mkopo wa jamii.

Lakini deni linalodaiwa kwa amri lina matokeo yake. Serikali ilipowataka wahitimu waingie katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, sehemu ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi waliandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Karibu wanafunzi 400 waliondolewa chuoni. Jibu la Mwalimu halikuishia katika adhabu: alijipunguzia mshahara wake kwa asilimia 20 na kupunguza mishahara ya maofisa wa juu. Kisiasa tendo hilo lilifungua njia ya Azimio la Arusha la Februari 1967. Kwa mada hii, lina funzo jingine. Pande zote mbili zilikubali kwamba msomi anadaiwa. Zilitofautiana kuhusu nani aanze kulipa. Wito wa kutoa husikika pale anayewaita wengine ameanza na mfuko wake.

Nchini Kenya historia ya harambee ilifuata njia inayofanana. Jomo Kenyatta aliifanya harambee kuwa wito wa taifa mwaka 1963, na shule nyingi, zahanati na vyuo vya ufundi vilijengwa kwa michango ya wananchi. Miaka ilivyopita, mikutano ya harambee ikawa pia uwanja wa wakubwa kujionyesha na wa watumishi kubanwa na wakuu wao. Mwaka 2003 sheria ya maadili ya maofisa wa umma iliwakataza maofisa hao kutumia vyeo vyao kuchangisha. Bunge, bila kutumia istilahi za isimu, lilikuwa limetambua tofauti kati ya -changa na -changishwa.

7.0 Nadharia na Mipaka Yake

Wanazuoni wa nje wamelieleza suala hili kwa namna mbalimbali. Marcel Mauss, katika insha yake maarufu ya mwaka 1925, alionyesha kwamba hakuna zawadi isiyodai kurudishwa. James Andreoni, mchumi wa Marekani, alihoji mwaka 1990 kwamba mtoaji hupata furaha kutokana na tendo la kutoa lenyewe, mbali na manufaa ya mpokeaji. Richard Titmuss wa London, ambaye mwaka 1964 aliongoza taarifa kuhusu huduma za afya Tanganyika, alichapisha mwaka 1970 kitabu juu ya uchangiaji damu. Hoja yake ilikuwa kwamba kuingiza malipo katika jambo lililokuwa hiba kunaweza kuidhoofisha hiba yenyewe.

Kila nadharia inaeleza sehemu. Kurudishiwa kwa Mauss kunaonekana pale jina la mtoaji linapoandikwa juu ya mkusanyo. Furaha ya Andreoni haikanushiki. Lakini hoja ya Titmuss ndiyo inayokaribia zaidi hali ya chuo kikuu, kwa kuwa mtumishi na chuo tayari wana uhusiano wa malipo. Hiba yake huishi katika nafasi nyembamba ambayo mkataba haukuifikia. Chuo kikiijaza nafasi hiyo kwa waraka, fomu na shinikizo la mkuu wa idara, hiba hukosa pa kukaa. Katika vyuo vya Marekani, ambako kampeni za kila mwaka za michango ya watumishi ni jambo la kawaida, idadi ya waliochangia hutazamwa kwa makini kuliko kiasi kilichopatikana, kwa sababu wafadhili wa nje huichukua kuwa ishara ya imani ya watu wa ndani. Lakini ishara hiyo ina maana tu ikiwa mtumishi angeweza kukataa bila kuogopa.

Ikumbukwe pia kwamba katika miaka ya 1980, thamani ya mishahara ilipoporomoka Dar es Salaam na Makerere, walimu wengi waliishi kwa mashamba, mifuko ya biashara ndogo na kazi za ziada. Waliobaki madarasani kwa ujira usiotosha kulisha nyumba waliviruzuku vyuo vyao kwa miaka, na hakuna daftari lililoandika mchango huo. Chuo kinachowaomba watumishi wachange leo hakina budi kukumbuka kwamba wazee wao wamekwisha kuchanga.

8.0 Hitimisho

Historia iliyopitiwa inaonyesha sababu tatu zinazoungana. Mtumishi hutoa kwa sababu ya ukaribu: anauona upungufu kabla ya mtu mwingine. Hutoa kwa sababu ya deni: alisomeshwa, na alikuta hazina iliyowekwa na waliomtangulia. Hutoa kwa sababu ya uanachama: chuo ni kwao. Sababu zote tatu hutegemea hiari, na zote hudhoofika pale hiba inapopokelewa kisha ikasahauliwa.

Suala hili si la kinadharia tu. Jengo jipya la maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 2018 kwa msaada wa China, limeongeza sana nafasi ya vitabu na wasomaji. Msaada wa nje unaweza kujenga kuta na rafu. Hauwezi kuzijaza kwa kanda za mahojiano, daftari za msamiati na nakala za tenzi ambazo ziko katika makabati ya walimu wanaostaafu kila mwaka, zikingoja mchwa na unyevu. Hazina hiyo iko mikononi mwa watumishi wenyewe, na kila mazishi ya mzee wa taaluma hupunguza sehemu yake.

Ili itolewe, mpokeaji ana wajibu wa kutangulia. Chuo kinapaswa kuandika kila kinachopokewa, kutaja jina la mtoaji pamoja na jina la familia iliyotunza kabla yake, kuirudishia familia hiyo nakala, na kukiweka kitu hicho mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kukiomba na kukisoma. Mtumishi akiona kwamba alichotoa mwenzake kimeorodheshwa na kinasomwa, hatahitaji kuchangishwa. Akiona kwamba kimerundikwa katika stoo iliyofungwa, atakibakiza chake nyumbani, na hakuna waraka utakaombadilisha nia.